Nuru ya Ubavuni: Picha za Kwa Sadala

Picha ninazozizungumzia hapa ni 22. Zote zimepigwa Kwa Sadala, ule mji mdogo wa soko wilayani Hai, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, na katika vihamba vilivyo juu yake upande wa Masama. Mpigaji ni kijana ambaye ameomba jina lake lisitajwe, nami namheshimu. Amezipanga kwa tarehe. Kumi za mwanzo alizipiga taa ya flashi ikiwa imekaa juu ya kamera. Zilizobaki aliiondoa hapo akaiweka ubavuni mwa mtu. Msomaji wa pwani atauliza haya yanahusu nini jarida la mashairi. Na aniwie radhi kidogo.

Hizo kumi za mwanzo sote tunazijua, maana zimo katika albamu za nyumba zetu. Ni za kipaimara, za harusi, za kumuaga bibi harusi. Nyuso ni bapa kama sinia, macho yameshtuka, na nyuma ya kila kichwa pana kivuli cheusi kilichobandikwa ukutani. Sababu yake ni nyepesi. Taa ikikaa juu ya jicho la kamera, nuru hupita njia ileile anayoipita mtazamaji, kwa hiyo kila kilicho mbele huwaka sawasawa, na pua, shavu na kidevu hukosa kivuli cha kuyapa umbo. Isitoshe, nuru hupungua upesi kwa umbali: aliye mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya ile aipatayo aliye mita 1. Ndiyo maana katika picha ya ukumbini meza ya mbele imeungua kwa weupe, na mashangazi waliokaa nyuma wamemezwa na giza, ingawa nao walichanga.

Liko na jambo la rangi zetu. Kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe, hupima kwa wastani. Gauni jeupe la bibi harusi likijaa katika picha, mashine hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na uso mweusi ulio juu ya gauni hilo ukazama. Gauni hutoka likiwa na kila uzi wake. Bibi harusi mwenyewe hutoka bila sura. Huu si upungufu wa ngozi, kama mafundi wengine wanavyowaambia wateja wao bila haya.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu picha hizi hazibaki kwenye albamu. Mtu akifariki ghafla, jamaa hutafuta picha, na aghalabu ipatikanayo ni ile ya harusi ya mtu mwingine, ambamo marehemu alikuwa amekaa meza ya tatu. Hukatwa, hukuzwa, hutiwa fremu, ikawekwa kando ya jeneza. Basi uso wa mwisho tunaoupungia mkono ni ule ulioshtushwa na taa.

Kumshtua kiumbe kwa taa kuna historia yake katika nchi hiyohiyo. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama wa usiku katika nyika zilizo chini ya Kilimanjaro, akazitoa mwaka 1905 katika kitabu ambacho jina lake lenyewe linaunganisha taa ya mmweko na bunduki. Alimfunga punda au ng'ombe awe chambo, akatega kamera na taa ya unga wa magnesi. Simba alipofika na kugusa uzi, unga ulilipuka na picha ikawa imepatikana. Ulaya ilistaajabu, na kwa haki, maana mfano wake ulikuwa haujaonekana. Lakini ile ni nuru ya mtego. Anayemulikwa hakuulizwa. Nikizitazama zile picha kumi za ukumbini nauona mtego uleule, ila simba amekuwa mama mwenye kitenge akitafuna ndizi.

Sasa tuje kwenye hizi nyingine. Iliyo bora kuliko zote ni ya bibi kizee aliyekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Taa imewekwa kushotoni kwake, juu kidogo ya kichwa, ikipita katika mwamvuli mweupe. Nuru inashuka kwenye kipaji, inang'aa juu ya fupa la shavu, kisha inafifia taratibu hata upande wa pili wa uso ukaingia kivulini. Ngozi nyeusi imepewa haki yake: mng'ao wake ndio unaochora umbo. Nusu ya uso hatuioni vizuri, nasi twabaki kuitafuta. Washairi wa mwambao hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mtunzi anayefumba huacha upande mmoja wa neno gizani, akijua kwamba msikilizaji atakwenda huko mwenyewe. Flashi ya juu ya kamera ni shairi lililofumbuliwa kabla halijaimbwa.

Wala si uvumbuzi mpya. Studio za zamani ziliipa taa mguu wake, mbali na kamera, na wenye kuzikumbuka picha za Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza hapa Unguja mwaka 1930, hawatahitaji maelezo marefu. Kilichobadilika ni kwamba studio nzima sasa inaingia mkobani.

Kuhusu vifaa, kijana huyu amenunua kwa busara kuliko wengi: flashi moja ambayo nguvu yake hupangwa kwa mkono, vifaa viwili vidogo vya redio vya kuiamrisha kutoka mbali, mwamvuli, stendi, na betri za kuchaji seti mbili. Basi. Anayeanza kwa taa tatu atajifunza kununua kabla ya kujifunza kuona. Mwamvuli ndio wa kwanza baada ya taa, kwa kuwa chanzo kikiwa kipana na karibu na mtu, kingo za kivuli hulainika. Stendi huangushwa na upepo. Yeye huifunga mfuko wa maharage.

Makosa yapo. Picha ya mzee mmoja imepigwa kwa taa tatu za kuazima, na mzee amegeuka tangazo la sabuni. Nyingine tatu zina kilele cha Kibo nyuma ya maharusi wakati wa magharibi. Ufundi wake ni sahihi: tundu la lenzi na nguvu ya flashi vimeutawala uso, na mwendo wa shata ukaachiwa anga, bila kuzidi kama 1/200 ya sekunde, ambapo kamera nyingi huanza kuacha ukanda mweusi. Lakini Kibo ameshapigwa picha za kutosha, na hapo maharusi wamekuwa wageni wa mlima.

Picha ya 22 mwenyewe alitaka kuitupa. Ni ya mtoto aliyebarikiwa, kavaa suti inayomzidi, na chini kulia pameingia mkono na kivuli kirefu cha mdogo wake, aliyekuwa ameshika taa kwa sababu stendi ilikuwa imevunjika. Nimemwandikia asiikate. Mkono ule umeinuliwa juu kweli, na vidole vimekaza.