Mijusi wa Escher Walivyobanana

Mjusi wa kawaida, ukimpigia mstari kutoka puani hadi mkiani, nusu moja inawiana na nyingine. Mjusi aliyechorwa na Mholanzi M.C. Escher mwaka 1939 hana bahati hiyo. Kichwa kimepinda, miguu haiwiani, mkia umekwenda upande. Wenzake wamembana kote, wala hapana upenyo wa kupitisha sindano. Ulinganifu aliopokonywa yeye umehamia kwenye karatasi nzima.

Umbo la msingi ni pembesita sawa. Kila pembe yake ina nyuzi 120, hivyo pembesita tatu zikikutana kwenye nukta moja hutimiza nyuzi 360 bila pengo (nyuki hawakungoja kufundishwa hilo). Chukua kona moja na pande zake mbili. Upande wa kwanza unapindwapindwa: hapa kidole, pale kwapa. Kisha mchoro huohuo unazungushwa nyuzi 120 kwenye kona ile mpaka uukalie upande wa pili. Kilichochomoza huku kinabonyea kule, na eneo halibadiliki. Kazi inarudiwa kwenye kona mbili nyingine, kwa kuruka moja moja. Kwa hiyo mchoraji ana mistari mitatu tu ya kubuni. Mitatu iliyobaki inakuja kwa lazima. Ugumu uko hapo: ukinyoosha mguu wa mmoja, umemla jirani. Kwenye nukta moja vinakutana vichwa vitatu, kwenye nyingine miguu mitatu, kwenye ya tatu magoti matatu. Rangi nazo ni tatu, maana mbili zisingetosha kuwatenganisha.

Escher hakuwa mwanahisabati. Mwaka 1936 alinakili vigae vya kasri la Alhambra, Hispania, akisikitika kwamba mafundi waliovitengeneza hawakuweka viumbe. Baadaye ndugu yake Berend, mwanajiolojia, alimwelekeza kwenye makala ya mwanahisabati George Pólya ya 1924 kuhusu aina 17 za ulinganifu wa bapa. Maelezo ya kihisabati aliyapita. Michoro ndiyo aliyoinakili.

Katika picha ya 1943 iitwayo *Reptiles*, mijusi hao wanatoka daftarini na kupanda juu ya umbo gumu lenye sura 12, kila sura pembetano. Umbo hilo limechaguliwa vizuri. Pembetano sawa tatu zikikutana hufikisha nyuzi 324 tu, zinabaki 36. Kwa pengo hilo haziwezi kuijaza karatasi, lakini ukilifunga, zinainuka na kuwa umbo la kushikika.