Dakika 126 za Manchester

Bomu lililipuka saa 4:31 usiku, tarehe 22 Mei 2017, mashabiki wakiwa wanatoka kwenye tamasha katika ukumbi wa Manchester Arena, Uingereza. Watu 22 waliuawa. Zimamoto walifika saa 6:37. Dakika 126 zilikuwa zimepita, na sehemu ya muda huo waliutumia wakisubiri katika kituo cha zimamoto cha Philips Park, maili 3 kutoka ukumbini, kwa kuhofia kuwa kuna watu wenye bunduki. Wahudumu wa magari ya wagonjwa walioingia ndani kabla majeruhi wa mwisho hajatolewa walikuwa watatu tu. Majeruhi walibebwa juu ya vizuizi vya chuma na mbao za matangazo.

Tathmini ya kwanza ya uokoaji huo, ya Lord Kerslake, ilitoka Machi 2018. Iliwabana zimamoto ipasavyo. Lakini kiini cha kasoro kilikuwa kwingine: saa 4:47 afisa wa zamu wa polisi alitangaza Operesheni Plato, yaani mpango wa kukabiliana na shambulio la wenye silaha wanaozunguka wakiua, na hakuwaambia zimamoto wala huduma ya magari ya wagonjwa. Kuhusu jambo hilo polisi walimpa Kerslake maelezo yasiyo sahihi, kosa ambalo mkuu wao wa zamani alikuja kuliombea radhi. Kerslake hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumlazimisha mtu yeyote kutoa nyaraka au ushahidi. Alitegemea hisani ya wale wale aliowakagua.

Sir John Saunders alikuwa na mamlaka hayo. Tume yake ya uchunguzi wa shambulio hilo, iliyoanza kusikiliza ushahidi Septemba 2020, ilikusanya rekodi za simu na redio za upepo pamoja na picha za kamera, ikazipanga dakika kwa dakika. Mashahidi walihojiwa chini ya kiapo. Mtu akisema alitoa taarifa, rekodi inaulizwa: kwa nani, saa ngapi? Ikathibitika kwamba afisa yule mmoja wa zamu alibebeshwa kazi zisizobebeka na mtu mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni zoezi la Mei 2016. Mwaka mmoja kabla ya bomu, vikosi hivyo hivyo vilifanya mazoezi ya shambulio la aina hiyo, na afisa wa zamu akazidiwa vivyo hivyo, taarifa zikachelewa kuwafikia wenzake. Kasoro ilionekana. Haikurekebishwa.

Ripoti ya Saunders kuhusu uokoaji ilitoka Novemba 2022, ikiwa na mapendekezo 149. Ilisema wazi kwamba mmoja wa marehemu yaelekea angepona kama angehudumiwa mapema. Na Saunders hakuishia kukabidhi kitabu: mwaka 2023 aliwaita tena wahusika, mbele ya umma, waeleze pendekezo gani limetekelezwa na lipi bado.