Jet Fin: Umbo Lisilo na Haraka

Mtu akikabidhiwa pezi la kuzamia dukani, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye ncha. Analikunja, linakunjika au linakataa, na papo hapo hukumu inatoka: hili laini, hili gumu, hili la wenye miguu ya kazi. Muuzaji naye hana haraka ya kumsahihisha. Lakini ncha ni mwisho wa hoja. Anayetaka kulijua pezi alishike kisiginoni, atazame mguu unapoingia, soli inapokoma, ubapa unapoanza, kisha ajiulize: kitu hiki kinataka maji yaende wapi?

Swali hilo ni la zamani kuliko mpira. Benjamin Franklin alipokuwa mtoto alijitengenezea vibao vya kushika mikononi wakati wa kuogelea, pamoja na aina ya ndara za kufunga nyayoni. Vibao vilimwongezea kasi, vikamchosha vifundo vya mikono. Ndara hazikumridhisha, na sababu aliyoitoa baadaye ni ya mhakiki hasa: msukumo wa muogeleaji hautoki kwenye unyayo peke yake, unatoka pia upande wa ndani wa mguu na kifundo. Mfaransa Louis de Corlieu, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, ndiye aliyeisajili hataza ya mapezi ya miguuni mwaka 1933, na Mmarekani Owen Churchill akaanza kuyauza kwao mwaka 1940. Vita vikuu vya pili vikayapa soko.

Jet Fin ilizaliwa kusini mwa Ufaransa katikati ya miaka ya 1960, kazi ya Georges Beuchat wa Marseille, na mpaka leo inauzwa kwa jina la Scubapro bila kugeuka sana. Ni mpira mtupu, mweusi, mzito, unaozama ukiudondosha. Picha yake haivutii. Tuanze na mfuko wa mguu: mpana, wenye kina, na mpira wa chini yake ni mnene kupita mahali pengine popote. Unene huo hauishii vidoleni. Unaendelea pembeni mwa ubapa kwa mbavu mbili zinazokonda taratibu kuelekea ncha, ili nguvu ya paja ifike mbele bila kupotea njiani. Mbavu hizohizo zinayazuia maji yasimwagike pembeni kabla hayajasukumwa.

Kisha matundu. Maelezo ya kawaida ni kwamba maji hupenya humo mguu unaporudi, mzigo ukapungua. Huenda. Mimi nayasoma vingine: mbele tu ya vidole, mguu wenyewe unayakinga maji, kwa hiyo ubapa wa eneo hilo ungekuwa uzito usio na kazi, na mbunifu ameukata. Katika umbo zito kiasi hiki, hapo ndipo palipopunguzwa, na pamepunguzwa panapostahili.

Kinachobaki ni ubapa mfupi na mgumu, na hapa jina na umbo vinagombana. Jina linaahidi mwendo wa ndege. Umbo halina habari na mwendo. Ubapa mfupi unageuka ndani ya nafasi ndogo, na ugumu wake unamruhusu mzamiaji apige mateke ya chura: magoti yamekunjwa, nyayo zinatazamana nyuma, maji yanabanwa katikati na kutupwa nyuma badala ya kupigwa chini mchangani. Ule upande wa ndani wa mguu ambao ndara za Franklin ziliusahau umepata kazi. Ukipindisha vifundo, pezi hilohilo linakurudisha kinyumenyume. Ndiyo maana wazamiaji wa mapangoni, ambako teke moja la hovyo linaamsha tope na kufunika njia ya kutokea, wamelishikilia wakati mitindo mingine ikija na kupita.

Linganisha na mapezi ya mpasuko yaliyoshika soko mwishoni mwa miaka ya 1990. Ubapa umechanwa katikati, na kila nusu inajipinda ikipigwa kwa mateke madogo ya haraka. Mwenye magoti mabovu atayashukuru, wala simlaumu. Ila umbo lile linajua mwelekeo mmoja tu, mbele. Liombe likurudishe nyuma hatua moja kutoka kwenye tumbawe, na zile nusu mbili zinalegea kila moja upande wake.

Sasa tulilete pwani yetu. Anayejiandaa kwenda Pemba huambiwa anunue mapezi yenye nguvu, kwa kuwa mikondo ni mikali, hasa nyakati za bamvua. Mikondo ni mikali kweli, lakini ushauri umepinda. Mkondo ukishakuwa mkali hivyo hakuna pezi litakaloushinda. Mzamiaji anaachia mwili uchukuliwe, anarusha boya, na mashua inamfuata. Anachohitaji ni kujiweka sawa pembeni mwa ukuta wa matumbawe bila kuuparaza, na hiyo ni kazi ya udhibiti. Kwa hoja hiyo Jet Fin ingeshinda, lau si uzito wake. Umbo hili lina hadhira yake, nayo ni mtu wa maji ya baridi aliyevaa vazi kavu, ambaye hewa inamkimbilia miguuni na anataka kitu cha kuishusha. Kwenye maji ya nyuzi 27, mwenye vazi la milimita 3 hana hewa hiyo. Mgongoni ana mtungi wa alumini, ambao ukikaribia kwisha hewa huanza kutaka kuelea. Mgongo unapanda, miguu inashuka, na ncha za mapezi zinakwangua kile alichokuja kukitazama.

  

Ningechagua nini? Pezi la umbo hilihili, fupi, gumu kiasi, lenye mbavu, lakini la mpira mwepesi au plastiki, na liwe la kisigino wazi. Lile la kuvalia mguu mtupu ni zuri chomboni, halina maana pwani ya mashariki ya Unguja, ambako maji yakipwa unatembea mbali juu ya mwamba na miiba kabla ya kuikuta mashua, na buti ni lazima. Mkanda uwe wa springi ya chuma cha pua, maana bizimu ya plastiki hupasuka. Na hapohapo kwenye buti ndipo Jet Fin inapokosea kwa wengi wetu: saizi zake ni chache na mfuko umekatwa kwa buti nene, hivyo mguu wenye buti nyembamba unacheza ndani, na nguvu ile iliyolindwa kwa ustadi kutoka soli hadi ncha inapotelea kwenye mwanya ulio kabla ya soli.