Mwanga Uliopungua Juu ya Nyiragongo

Saa saba na nusu mchana hivi, chombo kiitwacho TROPOMI hupita juu ya mji wa Goma, katika kimo cha kilomita zaidi ya 800. Kimefungwa kwenye Sentinel-5P, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Oktoba 2017, na miongoni mwa gesi kinazozifuatilia ni salfa dioksaidi inayotolewa na milima miwili ya volkano ya Virunga, Nyiragongo na Nyamulagira. Chombo chenyewe hakiigusi gesi hata kidogo. Kinachohesabiwa ni mwanga wa jua ulioshuka, ukadunda, ukarudi juu ukiwa umepungua.

Ujuzi huu ulipatikana kwa bahati. Chombo cha TOMS, kilichorushwa kwenye setilaiti ya Nimbus-7 mwaka 1978, kilikusudiwa kupima ozoni. Mwaka 1982 mlima El Chichón wa Mexico ulilipuka, na ramani zikaonyesha ozoni imeongezeka ghafla palepale lilipokuwa wingu la volkano. Volkano haitoi ozoni. Arlin Krueger wa NASA alitambua kwamba aliyeonekana ni mgeni mwingine, salfa dioksaidi, ambayo nayo humeza mwanga wa urujuanimno. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1983.

Kila gesi humeza mwanga kwa namna yake: rangi hii inaliwa sana, ya jirani inaachwa. Ni kama chanuo lililong'oka meno; ukijua meno yapi hayapo, unajua ni chanuo la nani. TOMS kilitazama sehemu sita tu za chanuo hilo, ndiyo maana gesi mbili ziliweza kuchanganywa. OMI, chombo kilichorushwa mwaka 2004, kilisoma mamia ya sehemu, na TROPOMI kikaongeza ukali wa jicho: pikseli yake moja sasa hufunika takribani kilomita 5.5 kwa 3.5, ilhali ya TOMS ilikuwa na upana wa kilomita 50 hivi.

Kazi ngumu huanza baada ya hapo. Mwanga wa urujuanimno hutawanywa na hewa yenyewe, kwa hiyo ni kiasi kidogo tu kinachofika karibu na ardhi na kurudi. Gesi iliyo juu huonekana vizuri, iliyo chini hufifia. Mchambuzi hana budi kukadiria wingu la gesi liko kimo gani kabla ya kutaja kiasi chake, na akidhani liko juu kuliko lilivyo, jawabu litatoka dogo kuliko ukweli. Nyiragongo, wenye mita 3,470, una nafuu hapo. Lakini Virunga ni nchi ya mawingu: wingu la mvua likiwa chini ya gesi, huirudishia setilaiti mwanga mwingi zaidi, likiwa juu yake, huificha.

Kisha upepo. Ili kupata tani zinazotoka kwa siku, gesi iliyopo kwenye mstari unaokata moshi huzidishwa kwa kasi ya upepo. Kasi ikikosewa mara mbili, na tani zimekosewa mara mbili. Ndiyo maana vipimo vya ardhini, vinavyotazama mwanga huohuo kutoka chini, vina thamani isiyopungua ya setilaiti. Nao watu wanaohusika hawako mbali: upepo husukuma moshi upande wa magharibi zaidi, na kwenye vijiji vya huko maji ya mvua yanayokingwa mapaani yamekutwa na asidi na floridi nyingi.

Hata hivyo, gesi inayoua kimyakimya zaidi kandokando ya Goma haimo katika ramani hizo. Wakazi huiita mazuku: kaboni dioksaidi inayochuruzika kutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, kutuama mabondeni, hasa upande wa mji wa Sake. Haimezi urujuanimno unaosomwa na vyombo hivyo. Setilaiti zinazopima kaboni dioksaidi zipo, kama OCO-2 ya mwaka 2014, lakini zinasoma hewa yote kuanzia juu hadi chini katika eneo la kilomita kadhaa, na shimo la mazuku laweza kuwa na upana wa mita chache. Mbuzi aliyeshuka humo kula majani hafi kwenye ramani yoyote. Mazuku hupimwa na mtu mwenye kifaa mkononi, anayefika ukingoni mwa bonde alfajiri, kabla upepo haujaamka.