Kiungo Dhaifu au Kiungo cha Kukatikia? Uhakiki wa Istilahi za Ndege za Kufungasa

Mfasiri wa mambo ya ufundi hupimwa na fundi kabla ya kupimwa na mwanasarufi. Neno laweza kuwa safi kwa ngeli na kwa viambishi, lakini likimfanya fundi akaze pale alipotakiwa alegeze, neno hilo ni bovu. Kanuni hii niliikumbuka nilipokuwa nikisoma rasimu ya tafsiri moja inayoeleza namna ya kuitia ndege ndogo vifaa vya kuvutia ndege isiyo na injini. Mwenye rasimu ni mfasiri makini na sentensi zake ni nyoofu. Hata hivyo, zimo istilahi tatu ambazo hazina budi kuhakikiwa, kwani moja yao yaweza kuleta maafa.

Yafaa kwanza kazi yenyewe ieleweke. Ndege isiyo na injini hupata kimo kwa kutumia mikondo ya hewa inayopaa, lakini kwanza lazima ifikishwe huko juu. Katika Marekani na nchi za Ulaya, njia mojawapo iliyoenea ni kuivuta kwa ndege ndogo yenye injini, kama vile Piper Super Cub, au Piper Pawnee ambayo awali iliundwa kwa kazi ya kunyunyizia mashamba dawa. Ndege hiyo hutiwa kulabu mkiani, ikashikizwa kwenye kiunzi imara. Hutiwa mkono wa kuifungulia kulabu hiyo, uliowekwa mahali rubani anapoufikia kwa urahisi. Tena hutiwa kioo cha kutazamia nyuma. Mara nyingi hupewa rafadha yenye mapanga ya pembe ndogo, ifaayo kupanda kuliko kwenda mbio. Upoaji wa injini nao huangaliwa, maana injini hufanya kazi kwa nguvu zote hali mwendo ni mdogo na upepo wa kuipoza ni haba. Huko Marekani kamba huwa na urefu wa mita 60 hivi, na kwa kawaida huachiwa ndege zikifika kiasi cha mita 600 juu ya ardhi.

Istilahi ya kwanza ni ‘kuburuta’. Gogo huburutwa, na gunia zito huburutwa, kwa sababu vyote hukwaruza ardhi navyo havina hiari. Ndege ya nyuma haiko hivyo. Hiyo nayo inaruka, ina rubani wake, na usalama wa ndege ya mbele umo pia mikononi mwake. Mabaharia wa pwani yetu wanalo neno ‘fungasa’, yaani chombo kukivuta chombo kingine kwa kamba, vyote viwili vikielea. Basi kwa nini tusiseme ‘ndege ya kufungasa’ na ‘kamba ya kufungasia’? Atakayesema kwamba neno hili halijulikani bara atakuwa amesema kweli, lakini istilahi hufundishwa pamoja na kazi yake, na mwanafunzi ataijifunza siku ile ile atakayoonyeshwa kamba.

Istilahi ya pili ni ‘kukata kamba’, ambayo rasimu imeitumia kwa mambo matatu mbalimbali. Rubani akivuta mkono na kulabu ikafunguka, hajakata kitu. Kamba ni nzima na kesho itatumika tena. Kamba ikizidiwa na mvuto, inakatika yenyewe. Lakini zipo ndege zenye roda ya kuizungushia kamba ndani, nazo huwekewa kisu cha kuikata wakati wa hatari. Hapo tu ndipo kamba inapokatwa. Kwa tendo la kwanza napendekeza ‘kufyatua’, kwa kuwa Waswahili hufyatua mtego, yaani huachia kwa ghafla kitu kilichokazwa. Tofauti hizi zina uzito wake. Ndege ya nyuma ikipanda juu kupita kiasi, huuinua mkia wa ndege ya mbele, na pua yake huelekea chini. Kukiwa karibu na ardhi, rubani hana ila sekunde chache. Tena zipo kulabu za aina fulani ambazo hugoma kufunguka mvuto unapotoka juu. Maelekezo ya wakati kama huo hayastahimili neno lenye maana tatu.

Istilahi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Rasimu inataja ‘kiungo dhaifu’. Katika Kiswahili udhaifu ni ila. Fundi mwangalifu akisoma kwamba kamba ina kiungo dhaifu, atakiondoa na kutia madhubuti, naye atajiona ametenda wema. Kumbe kiungo hicho kimewekwa makusudi ili kikatike kabla ndege hazijaumia! Sheria ya Marekani inataka nguvu ya kukatika kwa kamba isipungue asilimia 80 ya uzito mkubwa ulioidhinishwa wa ndege inayovutwa, wala isizidi mara mbili ya uzito huo. Kwa ndege ya kilo 500, basi, kamba isikatike kwa mvuto ulio chini ya kilo 400, wala isihimili zaidi ya kilo 1000. Kamba ikiwa na nguvu zaidi, lazima viungo vya namna hii vitiwe katika ncha zake zote mbili: cha nyuma kikiwa ndani ya mipaka hiyo, na cha mbele kikiwa na nguvu kuzidi cha nyuma, lakini si kwa zaidi ya asilimia 25. Huo si udhaifu, ni kipimo.

Lugha yetu inayo dawa yake katika kauli ya kutendea. Kutokana na ‘katika’ twapata ‘katikia’. Kwa hiyo ‘kiungo cha kukatikia’ ni pale ambapo kamba imepangiwa kukatika. Istilahi hii ina maneno matatu badala ya mawili, lakini haihitaji maelezo ya pembeni, na fundi hataiona kuwa ni kasoro ya kurekebishwa.

Maoni haya hayakusudii kumvunja moyo mfasiri. Kosa lake ni letu sote tunaofasiri tukilitazama neno la kigeni bila kukitazama kitu chenyewe. Kabla ya kufungua kamusi, na tumwulize fundi: kitu hiki kazi yake nini, na kisipoifanya, nani ataumia?