Fundi Anapochagua Grenda Ndogo

Mteja wa kawaida akiletewa boksi la grenda ndogo ya mkono husoma ubavuni kwanza: wati ngapi, vifaa vingapi ndani. Fundi mmoja wa magari wa Tunduma, mji wa mpakani, hasomi. Anaomba mashine itolewe, anaishika kama kalamu, uzito wa mota ukilala kwenye panda ya kidole gumba na cha shahada, kisha anakaa nayo hivyo bila kuiwasha huku muuza duka akihudumia wengine. Anapima kama mkono utachoka. Kazi anazozifikiria zinadai utulivu wa vidole, na mkono uliochoka hutetemeka.

Halafu anatoa mfukoni kijiti cha chuma, shina la biti ya zamani, unene wa milimita 3.2. Ndio unene ambao mashine nyingi za aina hii hubana. Kuna pia vifaa vya milimita 2.35, na anayenunua bila kutazama hujikuta na vijiti visivyokaa. Anakisukuma ndani ya koleti, kile kibano kidogo kilichopasuliwa ncha, anakikaza kwa kispana chake, anainama mpaka jicho linakuwa sawa na ncha, kisha anazungusha pua ya mashine kwa kidole, polepole. Ncha ikitulia mahali pamoja, mhimili umenyooka. Ikichora duara, hata duara dogo la kubahatisha, basi kwenye mizunguko 30,000 kwa dakika duara hilo litakuwa mtetemo wa kuvunja diski na kuua beringi.

"Inacheza," anasema, na kuirudisha. Muuza duka, kijana anayemwamkia shikamoo kila akiingia, hambishii. Analeta nyingine.

Hiyo ya pili inatulia. Sasa ndipo anasoma, na anasoma kibamba cha chini tu: volti 220 hadi 240, hezi 50. Mashine ya volti 120 iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ingeungua hapa siku ya kwanza. Ya kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, haina shida, kwa kuwa umeme wa Zambia na wa kwetu ni volti zilezile. Anachomeka. Haanzii kasi ya juu kama wengi wafanyavyo kwa kutaka kusikia nguvu. Anaanzia chini kabisa, kwenye mizunguko kama 5,000, anasogeza sikio, anapandisha hatua moja, anasikiliza tena. Mlio unapaswa kupanda bila mkwaruzo katikati. Mashine za bei ya chini sana huwa na swichi ya kuwasha na kuzima peke yake, na hizo kwa kazi ya gari ni hasara: plastiki ya taa au ya dashibodi ikiguswa kwa kasi kubwa haikatiki, inayeyuka na kuganda kwenye kifaa.

Mwisho anageuza ubavu na kutafuta vifuniko viwili vidogo vya kufunguliwa kwa bisibisi. Ndani yake mna kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye mota na kulika kidogo kidogo. Pasipo vifuniko hivyo, kaboni zikiisha watu wengi huitupa mashine ilhali mota nzima. Vipo. Anakubali, na wanaanza kuzungumza bei, sehemu ambayo haikuwa na jipya.

Ya betri nayo ilikuwepo kwenye kabati. Aliishika, akaipima, akairudisha. Mimi ningemshauri mtu wa nyumbani aitazame mara mbili: kwa kuchora jina kwenye sufuria, kulainisha ukingo wa ubao au kuondoa kutu kwenye bawaba, inatosha, na umeme ukikatika kazi haisimami. Fundi anahitaji kitu kitakachokata chuma mchana kutwa.

Boksi la vifaa mia mbili alilikataa. Vingi humo ni msasa mwembamba usiofika jioni. Alichagua kimoja kimoja: diski za kukatia zilizotiwa nyuzi ndani, kwa sababu zile nyembamba zisizo na nyuzi hukatika zikipindishwa kidogo, vijiti viwili vya kushikia diski, brashi ya waya, mawe mawili ya kusagia, na diski moja ya almasi kwa ajili ya marumaru, maana nyumbani kwake kuna ukuta unaosubiri tundu la soketi.

Mashine za namna hii zina umri. Albert Dremel alianzisha kampuni yake mjini Racine, jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka 1932, na jina lake limeendelea kuzifuata hata zile zisizotoka kwake. Umbo halijabadilika sana: mota nyembamba inayoenea kiganjani, nguvu ndogo, kasi kubwa mno. Diski yenye kipenyo cha milimita 24 ikizunguka mara 30,000 kwa dakika, ukingo wake husafiri karibu mita 38 kila sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayokata. Nguvu ya mkono haihitajiki, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Kazi ya kwanza ya mashine hiyo mpya ilikuwa nje, kwenye tela lililosubiri zamu ya kuvuka mpaka. Lori limetoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, limepanda mlima wa Kitonga, limekula vumbi na mvua, na taa moja ya nyuma imezima. Kubadilisha balbu si kazi. Kazi ni skrubu nne za kioo cha taa. Tatu zilitoka. Ya nne kichwa kilikuwa kimeliwa. Nyota yake imegeuka shimo la duara, na kutu imeikamata. Dereva alishauri nyundo na patasi. Fundi akamwangalia, akaendelea kupanga vifaa vyake.

Alianza kwa kuchomoa waya wa betri ya lori. Akadondoshea skrubu matone ya mafuta ya kulegeza kutu, akaacha. Akalowesha kitambaa na kukifunika juu ya plastiki nyekundu, akibakiza tundu la ukubwa wa kidole, kwa sababu cheche huacha alama za kudumu kwenye kioo cha taa. Kisha brashi ya waya, kasi ya chini, mpaka chuma cheupe kikaonekana.

Ndipo akafunga diski. Aliiinua kwenye mwanga kutafuta ufa, akakaza kiskrubu cha kijiti kwa kiasi, akavaa miwani ya kinga, akaiwasha kwa muda akiwa ameielekeza mbali na watu. Alisimama pembeni ya mstari wa diski. Ikivunjika, vipande huruka kufuata mstari huo.

Diski iligusa kichwa cha skrubu na mlio ukashuka nusu. Papo hapo akaiinua. Mlio ukapanda, akagusa tena. Kugusa, kuinua, kugusa, kila mara palepale, bila mstari wa pili kuzaliwa pembeni ya wa kwanza. Kijana wake wa kazi alinyoosha mkono kutaka kusaidia kukandamiza. "Mwache ale mwenyewe," fundi akamwambia, bila kuinua macho.

Mkoa huu una kumbukumbu yake ya ubishi wa chuma. Kimondo cha Mbozi kule Ndolezi, takriban asilimia 90 chuma na karibu 9 nikeli, kina pengo kwenye ncha yake moja: mwaka 1930 kilikatwa kipande cha sentimita kama kumi kwa msumeno wa mkono, na kazi ikachukua saa kumi hivi. Skrubu ya taa haina nikeli ya angani, lakini inaadhibu haraka ileile.

Alipoona mkato umefika karibu nusu ya kichwa alisimama. Akajaribu bisibisi bapa; ikaingia, ikacheza kidogo. Akapitisha diski mara moja zaidi, kwa kuupanua mkato na si kuuchimba. Safari hii bisibisi ilikaa barabara. Joto la kukata lilikuwa limekwisha kuipasha skrubu, na mafuta yalianza kufuka moshi mwembamba. Alikaza kwanza, robo ya robo ya mzunguko, kuvunja kutu. Kisha akafungua. Ilitoa mlio mkavu, ikazunguka.

Hakuishia hapo, ingawa balbu mpya ilikuwa imeshawekwa. Alilainisha ukingo wa tundu kwa jiwe dogo, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akafunga skrubu mpya iliyotiwa grisi. Kijana akapewa mashine apulize vumbi la chuma kwenye matundu ya hewa kabla halijafika kwenye mota.

Dereva, aliyekuwa ametazama yote, sasa akaonyesha bango la matope lililopinda na kugusa tairi. Alitaka likatwe na kimashine hichohicho.

"Hiyo mpe grenda kubwa, kaka," fundi akasema, na kumtuma kijana akailete.