Merikebu ya Kubuni na Pwani ya Kweli: Uhakiki wa Maonyesho ya Damien Hirst

Mwaka 2017, msanii wa Uingereza Damien Hirst alionyesha mjini Venice, katika majumba ya Palazzo Grassi na Punta della Dogana, kazi zilizodaiwa kuwa hazina za merikebu ya kale. Hadithi inayoziunganisha ni fupi. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, Cif Amotan II, tajiri aliyewahi kuwa mtumwa, alipakia mali yake katika merikebu iitwayo Apistos, yaani "Isiyosadikika". Merikebu hiyo ikazama, na mwaka 2008 ikagunduliwa katika bahari ya Afrika Mashariki. Masanamu yakaonyeshwa yakiwa yamegandwa na matumbawe, na picha za wapiga mbizi zikawa ushahidi.

Kwa upande wa fani, nguzo ya kazi hii ni kinaya. Herufi za jina la tajiri huyo zikipangwa upya hutoa, kwa Kiingereza, maneno yenye maana ya "mimi ni jambo la kubuni". Miongoni mwa hazina yumo Mickey Mouse. Mtazamaji amwonapo hucheka, kwa kuwa anamjua, na papo hapo hung'amua kuwa amefanyiwa mzaha. Kinaya basi hutegemea utambuzi: hadhira isiyokijua kilichogeuzwa haioni kwamba kimegeuzwa.

Hapa ndipo kazi inapojikwaa. Kati ya hazina hizo kilikuwamo kichwa cha mwanamke cha rangi ya dhahabu, kinachofuata kwa karibu vichwa vya shaba vya Ife, Nigeria, vilivyofukuliwa mwaka 1938. Msanii wa Nigeria Victor Ehikhamenor alilalamika hadharani kwamba maelfu ya watazamaji watakidhania kuwa ni ubunifu wa Hirst. Watetezi wanajibu kuwa maelezo ya maonyesho yaliitaja Ife. Jibu hilo halitoshi. Mickey hakuhitaji maelezo. Ife iliyahitaji, na mzaha unaohitaji kufafanuliwa umekwisha kushindwa. Isitoshe, Leo Frobenius alipozuru Ife mwaka 1910 alidai kuwa asili ya sanaa yake ni Atlantis, nchi ya hekaya za Wayunani. Hirst anapoiweka sura ya Ife katika shehena ya kubuni, huenda alikusudia kuidhihaki tabia hiyo. Lakini kwa mtazamaji asiyeijua Ife, anairudia.

Mandhari nayo ina dosari iyo hiyo. Pwani ya Afrika Mashariki katika hadithi hii ni maji matupu, hayana bandari wala wenyeji. Ilhali kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus, kiliitaja bandari ya Rhapta katika pwani hii. Tena merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, ikafukuliwa kati ya 1977 na 1980.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Lakini asiyeitambua Ife si mjinga. Amenyimwa elimu hiyo. Kosa la Hirst si kuazima, maana hakuna sanaa isiyoazima. Kosa ni kuwafumbia watu fumbo ambalo ufunguo wake hawakupewa, na anayelipia ni mchongaji wa Ife, ambaye hata jina lake halikuhifadhiwa.